Chachu ya Wakiuru

Uji wa nyumba ya Wakiuru haukuwa uji wa mtu yeyote kutia mkono. Kibuyu chake kilikaa kando ya mafiga katika jiko la nje, pale Wamagana, kimezibwa kwa gunzi la hindi na kufunikwa kwa kitambaa, na mtu aliyeruhusiwa kukigusa alikuwa mmoja tu: Murugi, mkaza mwana wa Wakiuru, mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu lakini ambaye bado alizungumza na watu wazima kana kwamba wako darasa la nne. Kila alipomimina uji mbichi wa kwenda kupika, aliacha kiasi kidogo chini ya kibuyu, akaongeza unga wa wimbi na mahindi uliokorogwa kwa maji, akaziba. Kile kidogo cha chini ndicho kilichouchachusha ule mpya. Kilikuwa kimeachwa hivyo tangu Wakiuru alipokuwa mke mbichi katika boma hilo, na kabla yake kulikuwa na mwanamke mwingine aliyekiacha, na kabla ya huyo, mwingine. Kibuyu hakikujua sabuni. Ukisogea nacho karibu na sabuni, Murugi alikutazama mpaka ukakirudisha mwenyewe bila kuambiwa.

Sasa Wakiuru alikuwa ajuza asiyetoka kitandani. Alilala katika chumba cha mbele, chini ya dirisha, akisikiliza ng'ombe na redio, na kwa muda mrefu hakuwa amekubali kitu kingine kinywani ila uji huo. Supu ya kuku aliigeuzia uso ukutani. Maziwa aliyatema kwa adabu ndani ya leso. Daktari aliyekuja kumwona alisema mradi anakunywa uji, na aachwe anywe, na Murugi akamjibu kwamba hilo walilijua kabla hajaja.

Kathure aliingia katika nyumba hiyo kwa kuolewa na Mutahi, kifunguamimba wa Murugi. Kwao ni Nkubu, upande wa pili wa mlima, ambako watu hunywa uji wao na kuamini kuwa ndio uji. Mumewe alikuwa kazini Doldol, akichanja mifugo, na alikuja nyumbani alipoweza. Kathure mwenyewe alifanya kazi katika maabara ya kiwanda cha maziwa mjini Nyeri, lakini wakati huu alikuwa likizo ya uzazi, na mtoto wa kike aliyepewa jina la Murugi, kama desturi inavyotaka binti wa kwanza aitwe kwa nyanya yake mzaa baba. Tangu siku hiyo Murugi mkubwa alikuwa akimtania Kathure kwa kumwita mama, kwa kuwa amemzaa. Alimpenda, hilo halikufichika. Hata hivyo kibuyu hakumruhusu kukishika, na Kathure hakuomba. Alikuwa mtu wa nyumba hiyo kwa kila kitu, kasoro kitu kimoja.

Mtoto alipozaliwa, mama yake Kathure alivuka kutoka Nkubu akiwa na ndizi, gunia la maharagwe meusi ya njahi, na chupa kubwa ya uji mbichi uliochachuka katika kibuyu chake mwenyewe, ili binti yake apikiwe na maziwa yashuke. Alikaa, akabeba mjukuu, akaimba, akaenda zake. Uji wake ulipikwa asubuhi baada ya asubuhi mpaka kikabaki kikombe.

Kikombe hicho ndicho kilichomshinda Kathure. Kukipika kungekuwa kummaliza mama yake. Kukimwaga, hata asingethubutu kukifikiria. Kulikuwa na baridi ya Julai, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabua ya mahindi, nyumba imetulia kwa sababu Murugi ameenda mkutano wa akina mama kanisani, na yeye hakuwa amelala vizuri tangu ajifungue. Aliona mikono yake ikiondoa gunzi. Akasikia uji wa Nkubu ukishuka taratibu ndani ya kibuyu cha Wamagana, na moyo wake ukajaa raha, akaona kama mama wawili wamekaa jikoni pamoja. Tusimcheke. Huyu ni mtu ambaye kazini hakuruhusu hata kijiko kihame kutoka pipa hili la mtindi hadi lile, na aliyemfokea kijana mmoja mbele ya wenzake kwa kosa hilohilo. Lakini kazini hakuwahi kushikwa na hamu ya mama yake.

Uji ukakataa kuchachuka.

Mwanzoni Murugi aliulaumu unga. Kisha akamlaumu mwenye kinu, kisha baridi, kisha kuni mbichi zilizoleta moshi usio na joto. Alionja kwa ncha ya kidole, akakunja uso. Uji ulikuwa mtamu kwa namna ya ovyo, baridi, hauna ule ukali unaopanda puani, na baada ya muda ukaanza kunuka matambara mabichi. Alipika hivyohivyo, akampelekea Wakiuru. Ajuza alionja, akafunga mdomo, na tangu hapo hakuufungua tena ila kwa maji. Murugi alijaribu uji wa dukani, akajaribu kutia ndimu. Wakiuru alimpapasa mkono kama mtu anayemfariji mwingine, akageukia ukuta.

Mashavu yake yakaanza kuingia ndani. Kathure alimwona kila alipopita na mtoto mlangoni, na kila mara aliharakisha hatua, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyejua ni nini kilichokuwa kikimuua bibi yule.

Usingizi wa mama mwenye mtoto mchanga si usingizi, ni kuzama na kuibuka. Alasiri moja, mtoto akiwa titini, Kathure alizama, akajikuta ndani ya kibuyu. Kulikuwa na ukungu mweupe, mzito, wa vuguvugu, na ndani yake walilala viumbe warefu kama mihogo, wengi ajabu, wakipumua. Alijua bila kuambiwa kwamba hao ndio waliouchachusha uji wa Wakiuru miaka yote. Aliwaona wakila unga kwa utulivu, wakijigawa wawili wawili, wasiwe na haraka ya kwenda popote.

Kisha akaona wengine wakishuka. Hawa walikuwa wadogo sana, kichwa chenye pembe pembe, mkia, na miguu myembamba. Hawakula, hawakupumua. Mmoja alitua juu ya mgongo wa kiumbe mrefu, akasimama imara, akashusha ndani yake uzi mwembamba, wote, mpaka kichwa chake kikabaki kitupu. Yule mrefu akatetemeka. Ndani yake kukaanza kazi ambayo si yake: vichwa vipya vikaundwa, mikia ikaundwa, nyuzi zikanakiliwa na kupakiwa kichwani, kila kichwa na uzi wake, haraka haraka, kama watu wanaofunga mizigo kabla mvua haijanyesha. Halafu akapasuka. Wakamwagika nje, wakatawanyika katika ukungu, wakatua juu ya jirani.

Kathure akajitazama, akaona kwamba yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Alikuwa na mkia na miguu, na kichwani mwake amepakiwa kitu. Akaelea. Akatua juu ya mmoja aliyekuwa bado mzima, akaogopa, akajaribu kujizuia asishushe, lakini uzi ukashuka. Haukuwa uzi wa kuua. Aliyepakia alikuwa amekosea; alikuwa ameokota kipande cha uzi wa yule aliyekufa, akakitia mahali pa uzi wa muuaji, akafunga. Kipande kilipoingia, Kathure alisikia harufu ya jiko la mama yake kule Nkubu, ya majani ya migomba yaliyolowa na moshi. Yule mrefu hakupasuka. Alikipokea, akakigeuza huku na huku, akakishona katika uzi wake mwenyewe. Kisha akajigawa wawili, na wote wawili walikuwa nacho.

Mtoto alilia. Kathure aliibuka, shingo imejaa jasho, na kwa mara ya kwanza tangu uji ukatae alikuwa na tumaini. Lilikuwa dogo na la aibu, kwa sababu ili kulitumia ilimbidi kwanza aseme.

Alimfunga mtoto mgongoni, akamfuata Murugi bandani, alikokuwa akimkatia ng'ombe nyasi za nepia. Ukungu ulikuwa umefuta shamba lote la chai nyuma yao.

"Mum, ni mimi niliharibu uji," alisema. "Nilimwaga ya mama yangu ndani ya kibuyu."

Murugi hakugeuka. Panga liliendelea kushuka, nyasi zikaendelea kukatika.

"Ngapi?"

"Kikombe moja."

"Kwa nini?"

Kathure alikaza leso ya mtoto mgongoni. "Nilikuwa namkosa tu," alisema.

Panga lilisimama. Murugi alifuta mikono kwenye aproni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaangalia ng'ombe badala ya kumwangalia mtu.

"Nimekasirika," alisema. "Usifikirie ati sijakasirika juu nimenyamaza. Nilipewa hiyo kibuyu na mkono ya Wakiuru mwenyewe, na sasa analala huko akikufa na njaa, na mimi nimekuwa nikitukana mtu wa kinu bure." Akavuta pumzi. "Sasa niambie ni nini iko ndani. Polepole. Kama mtoto wa class four."

Kathure akamweleza. Alimweleza kwamba uji huchachushwa na bakteria, wadogo wasioonekana, na kwamba bakteria nao huugua, kwa kuwa wana virusi vyao wenyewe visivyomdhuru mtu. Kiwandani, virusi hivyo vikiingia katika pipa la mtindi, mtindi hukataa kuganda na kazi yote humwagwa. Huenda bakteria wa Nkubu walikuwa wameishi na virusi hivyo muda mrefu, wakajua kujikinga, ingawa mmoja mmoja bado alipasuka, na hapa huenda baridi imewalaza. Wa Wamagana hawakuwahi kukutana navyo.

"Kama wageni wanaleta homa," Murugi alisema.

"Hivyo. Lakini kuna kitu ingine, Mum. Hiyo virusi ikishaingia ndani ya bakteria, inajitengeneza mingi, na kila moja inawekewa jeni zake kwa kichwa. Saa zingine inakosea. Inawekewa kipande ya jeni za bakteria mwenye amekufa. Sasa hiyo haiwezi kuua. Ikienda kwa bakteria mwingine, inampea tu hicho kipande."

Murugi alikunja uso kama anayesahihisha hesabu. "Ati muuaji anapeleka urithi ya maiti kwa mtu hajui?"

"Na hata yeye mwenyewe hajui anapeleka."

"Na ikiwa urithi ni kujua kujikinga?"

"Basi huyo mwenye amepewa hatakufa." Mtoto alijinyoosha mgongoni mwake. "Sina hakika kama imetokea. Inatokea mara chache sana. Lakini hao viumbe ni wengi sana."

Murugi alimrushia ng'ombe konzi ya nyasi. Ng'ombe alitafuna. Kisha mwalimu akauliza swali ambalo Kathure alikuwa ameomba asiulizwe.

"Na uji ikirudi kuchachuka, utajuaje ni yangu? Inaweza kuwa ni ya mama yako imebaki, na yetu yote imekufa."

"Sitajua," Kathure alisema, na machozi yakamlengalenga.

Hakukumbatiwa. Murugi si mtu wa hayo. Aliinuka, akabeba nyasi, akasema kwa sauti ya kawaida kwamba waanze basi, njaa haingoji.

Walitoa vikombe vyote vya bati vilivyokuwa ndani ya nyumba, hata vile vya wageni. Katika kila kimoja Kathure alitia unga na maji yaliyochemshwa yakapoa, na tone la ule uji ulioharibika, akavipanga kuzunguka mafiga. Kama kuna aliyeokoka, alisema, atakuwa peke yake mahali fulani, na akipewa chakula na joto, atazaa. Walivichunga kama vifaranga. Kathure alinusa kwa pua ya maabara. Murugi alionja kwa ulimi wake, akatema. Wakati mwingine Kathure alisinzia akiwa amekaa palepale jikoni, mtoto kifuani, na moshi ukawa ukungu, na ukungu ukajaa wadogo wenye miguu myembamba wakishuka na mizigo yao. Aliomba mmoja wao awe amekosea. Ni maombi ya ajabu, kumwomba muuaji akosee, lakini aliyaomba kwa moyo wote.

Kikombe baada ya kikombe kikanuka, kikamwagwa kwenye mgomba. Wakiuru alikuwa hanyanyui tena kichwa. Murugi alimlowesha midomo kwa pamba, akarudi jikoni kuchochea moto. Mutahi aliambiwa kwa simu ajiandae kuja.

Kisha kikombe kimoja, chenye kishikio kilichovunjika, kilichokuwa kimesahaulika nyuma ya rundo la kuni, kikatoa vipovu. Vidogo, vya polepole, upande mmoja tu. Kathure alikiinamia. Kulikuwa na ukali.

Murugi alionja. Hakutema. Alionja tena, akafumba macho, na uso wake ukawa wa mtu anayejaribu kumtambua anayekuja barabarani kwa mbali.

"Ni chachu," alisema. "Lakini ni ya nani, siwezi jua. Kwa ulimi ni yetu, nikimeza si yetu."

Walikilisha kikombe hicho mpaka kikawa viwili. Kathure alishauri wachukue kibuyu kipya, kwa kuwa ukuta wa kile cha zamani ulikuwa umevinywa virusi na hakuna wa kuvitoa. Murugi alikataa. Akasema kama chachu hii haiwezi kuishi katika kibuyu cha Wakiuru, basi si ya Wakiuru, na yeye hatamdanganya mtu anayekufa. Kikombe kimoja aliweka kando, kwa kuwa si mjinga. Kile kingine alimpa Kathure.

"Ulimwaga ya kwanza ukijificha," alisema. "Mwaga hii nikikuangalia."

Kathure alikishika kibuyu. Kilikuwa chepesi kuliko alivyodhani, na cheusi kwa kushikwa miaka mingi. Alimimina taratibu, akatia unga, akaziba kwa gunzi, akakirudisha kando ya mafiga, na hapakuwa na la kufanya tena ila kungoja na kunyonyesha. Alilala na kuamka, akalala na kuamka. Ndani ya ukuta wa kibuyu wauaji walikuwa wakiamka pia, wakishuka juu ya wageni, wakishusha nyuzi zao, na yeye hakuweza kuona ni nani anayepasuka na ni nani anayebaki.

Asubuhi gunzi lilikuwa limesukumwa nje, na uji umefura mpaka shingoni.

Murugi aliupika. Aliupooza kwa kumimina kutoka kikombe hadi kikombe, akaupeleka chumba cha mbele. Kathure alifuata na mtoto lakini hakuingia. Alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje, akimwona Murugi akimwinua ajuza kwa mkono mmoja na kumgusisha kijiko mdomoni. Midomo ilikuwa imefungwa. Murugi akangoja. Harufu ilipanda, na midomo ikafunguka kidogo, kama ya mtoto aliyelala.

Wakiuru aliushika uji kinywani muda mrefu. Nje, ukungu ulikuwa umeinuka na mtu fulani alikuwa akipita barabarani na ng'ombe. Akameza.

"Ni ule wetu," alisema.

Murugi akashusha kijiko. Mabega yake yakaanguka, na kwa muda akafunika uso kwa kiganja.

Lakini Wakiuru hakuwa amemaliza. Alifungua mdomo tena, akapewa, akaushika ulimini, akausikiliza.

"Kuna mtu amekuja," alisema.

"Hakuna mgeni, Maitu, mama yangu. Ni sisi tu."

"Yuko." Sauti yake ilikuwa nyembamba lakini haikuwa na shaka. Akakitafuta kijiko kwa mkono, akakivuta karibu. "Mwambie akae."

Murugi aligeuka, akatazama mlangoni. Halafu akaivuta ile stuli iliyokuwa upande wa pili wa kitanda, akaifuta kwa aproni yake, akamnyooshea Kathure kijiko.